Re: Je, Paul Brady aliacha muziki wa asili kwa tamaa ya pesa?

Mkuu, umeuliza kama mwanamuziki Paul Brady aliusaliti muziki wa asili wa Ayalandi alipohamia roki. Mimi nakataa kabisa.

Huyu ni mtu wa Strabane, mji ulio mpakani kabisa Ayalandi ya Kaskazini. Aliimba na kundi la The Johnstons, kisha 1974 akaingia kundi la Planxty kushika nafasi ya mwimbaji Christy Moore. Mwaka 1976 akatoa albamu na mwanamuziki Andy Irvine, prodyuza akiwa Dónal Lunny. Tafuta humo wimbo wa "Arthur McBride", wa vijana wawili wanaomkatalia sajenti anayeandikisha askari. Sauti moja, gitaa moja, na huwezi kuinuka kitini mpaka uishe. Mtu anayepiga hivyo hana cha kuthibitisha tena.

Kilichobaki kilikuwa kusema ya kwake. Ndipo 1981 ikaja albamu ya Hard Station, nyimbo zake mwenyewe. Isikilize "Nothing But the Same Old Story": kijana wa Kiayalandi kibaruani Uingereza, anatazamwa kwa shuku kila aendako. Gitaa la umeme limeingia, lakini kisa ni kilekile cha nyimbo za wahenga, mtu aliye mbali na kwao. Huo ndio usaliti?

Pesa ilikuja, ni kweli. Tina Turner alirekodi wimbo wa Brady, "Steel Claw", mwaka 1984, na Bonnie Raitt akaimba mwingine wake, "Luck of the Draw", mwaka 1991. Lakini hao ndio waliozifuata nyimbo zake.

Anza na ya 1976, kisha Hard Station, usiku uleule.