Mtoto anatokwa damu puani usiku

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 hutokwa damu puani, hasa usiku. Nimeambiwa nimlaze chali na kumdondoshea maji ya limau. Ni sahihi?

JIBU: Hapana, yote mawili. Akilala chali damu huteremka kooni, huimeza, kisha hutapika. Limau nalo huunguza utando uliokwisha kuchubuka.

Mketishe, ainamishe kichwa mbele kidogo. Bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dakika 10 kamili huku akipumua kwa mdomo na kutema damu. Wengi hukosea hapa: huachia kila dakika kuchungulia, na donge linaloanza kuganda linang'oka. Tumia saa. Ikiendelea, rudia dakika 10 nyingine. Kitambaa cha maji baridi juu ya pua si kibaya, ila hakichukui nafasi ya kubana.

Mara nyingi damu hutoka kwenye mishipa midogo iliyo mbele, kwenye ukuta unaotenganisha matundu ya pua. Hewa kavu na kidole ndivyo huipasua. Basi mkate kucha, na kabla ya kulala mpake mafuta ya mgando kidogo sana mlangoni mwa tundu. Matone ya maji ya chumvi pia husaidia: chumvi robo kijiko cha chai katika mililita 240 za maji yaliyochemshwa na kupoa.

Mpeleke hospitali damu ikizidi dakika 20, akiwa ameumia kichwa, au akipata michubuko isiyoeleweka. Tundu moja likitoa harufu mbaya, huenda kuna kitu amekiingiza, usikichokoe.