Tyuna inagonga bila kushika? Pima waya kwanza

Kaka, usiifungue bado hiyo tyuna, kile kisanduku kinacholinganisha antena na redio ya mawasiliano. Umesema waya wako ni wa mita 20, umeurusha juu ya mwembe. Bendi ya mita 80 inashika, ila kwenye bendi za mita 40 na 20 relei (swichi ndogo za ndani) zinagonga ta-ta-ta mpaka inakata tamaa. Mimi nashuku urefu wa waya. Mita 20 ni karibu nusu wimbi kwa 7 MHz (bendi ya mita 40) na wimbi zima kwa 14 MHz (bendi ya mita 20). Hapo ncha inayoungwa kwenye tyuna inakuwa na impidansi (ukinzani kwa mawimbi ya redio) ya maelfu ya omu, na tyuna nyingi hazifiki huko.

Hakikisha hivi: chomoa antena, weka mzigo bandia (kipingamizi kinachokaa mahali pa antena) wa omu 50, tuma wati 10 tu. Ikitulia upesi, tyuna ni nzima. Basi punguza waya ubaki kama mita 16, na utandaze nyaya mbili tatu ardhini.

Ikigonga hata hapo, kagua umeme. Yangu ilinihangaisha wiki nzima, kumbe plagi ya volti 12 imeota kutu ya kijani, kila nikibonyeza kutuma volti zinaanguka.