Nani atailipia herufi hiyo? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, pamoja na yale masharti ya mauzo mnayotaka kuyaweka kwenye tovuti yenu. Umeniuliza swali moja tu, nami nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililotulisha nyumbani kwa miaka ishirini na sita: je, makosa ya tahajia na sarufi yana uzito wowote katika biashara na mitandaoni, au ni mambo ya walimu na wahariri tu? Unasema mshirika wako anaona kupitia maandishi upya ni kupoteza muda, kwamba mteja akishaelewa imetosha. Wewe moyo unakataa, ila hujapata la kumjibu.

Kwanza nimpe mshirika wako haki yake. Kwa sehemu kubwa anasema kweli. Kiswahili kimejengwa kwa namna inayomshika mkono msomaji hata mwandishi anapoteleza. Tazama sentensi hii: "Vitabu vyangu vile viwili vimepotea." Alama ya vitabu imerudi mara tano, kila neno limeibeba. Mtu akiandika "vitabu zangu zile mbili zimepotea", sikio litakwaruzika, lakini hakuna atakayekwenda kutafuta kitu kingine. Ndivyo ilivyo kwa anayeandika "nazani", "feza" au "kurara". Wengi huandika wanavyotamka, kwa kuwa lugha waliyoanza nayo utotoni haitenganishi l na r, au haina dh. Wengine wana disleksia, na herufi huwachanganya hata wakijitahidi vipi. Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo ambao katika kuendesha biashara walinizidi mbali. Kwa hiyo mteja akikuandikia "naitaji izo mbiri", mpelekee hizo mbili zake kwa heshima zote. Usimsahihishe, wala usimcheke na wenzako pembeni. Hilo nakuomba kama mama.

Hata kwenye mitambo yapo makosa ambayo hayajamdhuru mtu. Ukibofya kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, kivinjari chako mara nyingi huuarifu ule ukurasa mpya umetokea wapi, na neno linalobeba taarifa hiyo ni "Referer". Kwa tahajia ya Kiingereza limepungukiwa r moja. Lilikosewa hivyo, likaingia kwenye waraka wa kanuni za mawasiliano ya wavuti wa mwaka 1996, na hadi leo kompyuta za dunia nzima huliandika vivyo hivyo. Hakuna anayepata hasara, maana anayetuma na anayepokea wamekubaliana juu ya maana yake.

Sasa nikusimulie kosa langu, ambalo sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa kijana kuliko ulivyo wewe sasa, nasoma prufu, yaani nakala za kukagua makosa kabla ya kuchapa, kwenye kiwanda cha uchapaji. Mteja mmoja alituletea masharti yake ya mauzo, ukurasa mmoja, apigiwe chapa nakala elfu mbili. Aliyemwandikia alikuwa na tatizo la h: palipohitajika aliiacha, pasipohitajika aliiweka. Nikafuta h kwenye "hasante", nikaifuta kwenye "hofisi", nikairudisha kwenye "abari". Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, nami nilijiona hodari. Kifungu cha sita kilisomeka hivi: "Mnunuzi hatalipia gharama za usafirishaji." Nikakisoma, nikakipita. Sentensi ilikuwa safi, kila neno lilikuwa sahihi.

Mwandishi alikusudia "atalipia".

Soma tena polepole. Atalipia. Hatalipia. Kwa h moja tu mzigo wa gharama ulitoka kwenye mgongo wa huyu ukaenda kwenye mgongo wa yule. Wanunuzi walikuwa na karatasi mkononi, tena yenye jina la muuzaji juu, na hawakuona sababu ya kusikiliza maelezo. Mteja wetu akalipia usafirishaji wa mizigo yote iliyokwisha kuagizwa, kisha akaja kwetu. Tukachapa upya kwa gharama yetu. Msimamizi wangu hakunifokea. Alinipa ile karatasi, akaweka kidole kwenye kifungu cha sita, akasubiri. Nilisoma mara tatu kabla sijaona.

Tangu siku hiyo nimeyagawa makosa mafungu mawili, na mgawo huo ndio jibu langu kwako. Kosa silipimi kwa ubaya wake machoni. Najiuliza: mtu akisoma hivi ilivyo, nani atalipa? Kama hakuna wa kulipa, ni doa. Nitalisafisha nikipata nafasi. Kama yupo wa kulipa, silali mpaka nimelipata.

Na angalia lugha yetu ilivyo hapo. Wingi wa vitabu umetajwa mara tano, lakini ukanushi wa "hatalipia" umesimama kwa mguu mmoja. Katika wakati uliopo tuna bahati: "analipia" na "halipii" zinatofautiana mwanzo, katikati na mwisho, huwezi kuzichanganya. Ukija kwenye -ta-, kilichobaki ni h peke yake, na h ndiyo herufi ambayo ndimi nyingi huidondosha au huiongeza bila kujua. Kwa sababu hiyo, miaka yote iliyofuata, nilipokuta "atalipia" kwenye mkataba wa mtu nilimshauri aandike "gharama za usafirishaji ni juu ya mnunuzi". Hapo hakuna h ya kudondoka. Programu ya kusahihisha tahajia isingeniokoa, wala leo isingekuokoa wewe, maana "hatalipia" ni neno halali kabisa. Programu hizo huona neno lisilokuwepo kwenye orodha yake. Neno sahihi lililokaa mahali pasipo pake mara nyingi hulipita, kama nilivyolipita mimi.

Usidhani hili ni la karatasi ndogo za watu wadogo. Mwaka 2009, ofisi ya serikali ya Uingereza inayosajili makampuni iliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kampuni ya Taylor & Sons inafungwa kwa kushindwa kulipa madeni. Iliyokuwa inafungwa ni nyingine, Taylor & Son. Tofauti ni s moja. Taylor & Sons ilikuwa kampuni ya uhandisi ya Wales iliyokuwa imedumu zaidi ya karne. Kumbukumbu ilisahihishwa baada ya siku chache, lakini taarifa ilikuwa imekwisha kufika kwa wanaopima nani akopeshwe na nani asikopeshwe. Waliokuwa wakiiuzia kampuni hiyo vifaa kwa mkopo wakasita, wateja wakaogopa, na haikuchukua muda ikaanguka kweli. Zaidi ya watu 250 walipoteza kazi. Mwaka 2015 mahakama ikaamua kwamba ofisi ile iliwajibika kwa hasara hiyo. Nikiikumbuka habari hii huwa simfikirii mwenye kampuni. Namfikiria karani, ambaye pengine siku hiyo aliingiza majina mengi sawasawa, na moja tu likamponyoka.

Alama nazo zimo. Huko Maine, Marekani, sheria ilitaja kazi ambazo mfanyakazi wake hana haki ya malipo ya saa za ziada, na orodha ilimalizika kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza" vyakula. Kabla ya "au" hapakuwa na mkato. Je, kusambaza ni kazi inayojitegemea, au ni sababu ya pili ya kufungasha? Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, waliokwenda mahakamani kudai malipo hayo, walikuwa wakisambaza, hawakuwa wakifungasha. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona maneno yale yana utata na utata uwafae wafanyakazi, na mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Soma tena ile tafsiri yangu uone kama Kiswahili nacho hakina shimo lilelile.

Lipo jambo jingine ambalo mshirika wako amelisahau, nalo ni kuaminiwa. Mtu anayewajua ninyi atasamehe. Lakini mtandaoni wengi hawawajui. Hawajaona nyuso zenu wala ghala lenu. Walichonacho ni maneno yenu tu, na kwa maneno hayo wanaamua kama watume fedha zao. Na wana sababu ya kuwa waangalifu, kwa kuwa barua pepe nyingi za matapeli zimewafundisha kutilia shaka maandishi ya hovyo. Shaka hiyo si ya bure. Februari 2016 wezi waliingia kwenye mifumo ya Benki Kuu ya Bangladesh wakatuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni 1 kutoka kwenye akaunti yake iliyokuwa New York. Dola milioni 81 zikaishia Ufilipino. Nyingine milioni 20 zilikuwa zinakwenda kwa taasisi moja huko Sri Lanka, lakini neno "foundation" liliandikwa "fandation", benki iliyokuwa katikati ikauliza, na fedha zikarudi. Mtu mmoja aliliona neno akasimama. Wapo wateja wanaosimama hivyohivyo mbele ya tangazo la muuzaji mwaminifu, wakafunga ukurasa, na muuzaji asijue kamwe kwamba walifika.

Utaniuliza, basi kila ujumbe tuuchunguze kama mkataba? Hapana. Mkiandikiana wenyewe "cjafika bado, nakuja xaxa hivi", hakuna aliyeibiwa kitu. Hiyo ni lugha ya watu wanaoelewana, nami sina ugomvi nayo. Isipokuwa jina la mtu. Jina la mtu lipitie hata kwenye ujumbe wa mstari mmoja. Nimewahi kupokea barua ya kunisifu kwa kazi nzuri, na jina langu limekosewa mwanzo hadi mwisho. Nilishukuru, lakini sifa haikuniingia, kwa sababu nilihisi hawakuwa wakizungumza na mimi. Mteja akikutajia jina lake kwa herufi ambazo wewe unaona ni makosa, ziandike hivyohivyo. Ni zake.

Kuhusu namna ya kupitia, sina siri kubwa. Usisome ulichoandika dakika ileile. Jicho bado linaona ulichokusudia, halioni kilichoandikwa. Kiache hata saa moja. Kisha zunguka mara ya kwanza kwa ajili ya vitu vitatu tu: majina, tarakimu, na kila neno linaloanza na h au linalobeba -si-. Hesabu sufuri kwa ncha ya kalamu. Mzunguko wa pili soma kwa sauti, tena kwa sauti kamili, si kwa kunong'ona, maana ulimi hujikwaa mahali ambapo jicho huteleza. Na kama maandishi yanahusu fedha, mpe mtu ambaye hakushiriki kuyaandika, halafu usimuulize "umeona kosa?" Mwambie akueleze kwa maneno yake nani anatakiwa kufanya nini. Akieleza tofauti na ulivyokusudia, kosa umelipata, hata kama tahajia yote ni safi. Na likikuponyoka likatoka, lisahihishe waziwazi siku hiyohiyo, uwaandikie waliokwisha kulisoma. Usilibadilishe kimyakimya ukitumaini hakuna aliyeona.

Nimeyasoma masharti yenu. Kwa jumla yameandikwa vizuri, na nimefurahi jinsi ulivyoepuka maneno makubwa. Nimeweka alama mahali pachache: "kwasababu" ni maneno mawili, na "dhamani ya bidhaa" iwe "thamani". Hayo ni madoa, utayafuta kwa dakika tano. Lakini uangalie sentensi ya nne. Umeandika: "Mzigo ukiaribika njiani tutarudisha ndani ya siku saba." Mshirika wako akiisoma ataona h imepotea kwenye "ukiharibika", nawe utairudisha. Mimi h hiyo hainisumbui. Nilichokwama nacho ni "tutarudisha". Mtarudisha nini? Fedha za mteja, au mtampelekea mzigo mwingine? Na siku saba zinaanza kuhesabiwa lini: siku aliyopokea mzigo, au siku aliyowaarifu? Mwenye mzigo uliovunjika ataisoma sentensi hiyo kwa namna inayompa fedha leo, ninyi mtaisoma kwa namna inayowapa muda, na wote mtakuwa mmeisoma sawasawa.

Kaeni wawili mliamue hilo kwanza, kisha niletee sentensi mpya niisome.

Mama yako