London hadi Birmingham kwa boti wiki ya Pasaka? Nakushauri usijaribu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Mombasa anayeishi Luton. Anataka kukodi boti nyembamba ya mifereji wakati wa likizo ya Pasaka, aondoke London na familia yake, afike Birmingham na kurudi, yote ndani ya wiki moja. Ramani ameitazama na kuona kwamba njia ni moja tu, mfereji wa Grand Union, na kwa gari amekwisha kwenda mara nyingi kati ya chakula cha asubuhi na cha mchana. Nimeamua kumjibu hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Sisi tunaofanya kazi huku na kuzihesabu siku za likizo kama tunavyozihesabu pauni, kila mmoja wetu hutaka safari imlipe.

Hesabu ya mfereji, dada yangu, ni nyingine kabisa. Kutoka London hadi Birmingham ni maili 137, na njiani kuna loki 166. Loki ni chumba cha maji chenye malango mbele na nyuma, kinachopandisha au kushusha boti pale ardhi inapoinuka au kuinama, na karibu kila moja utaifungua na kuifunga kwa mikono yako mwenyewe. Wazoefu huihesabu kila loki kama maili moja, wakaijumlisha na maili za njia, kisha wakagawanya kwa 3 ili kupata saa. Ukifanya hivyo utapata saa 101, na hizo ni za kwenda tu. Hata ukiishika kana ya usukani tangu alfajiri hadi magharibi kwa siku zote saba, wiki itakwisha hujaingia Birmingham, sembuse kurudi. Wala huwezi kukimbiza, kwa kuwa kikomo ni maili 4 kwa saa, na unapozipita boti zilizofungwa ukingoni hupaswi hata kuufikia mwendo huo, maana maji unayoyasukuma huzivuta kamba zao na kung'oa vigingi.

Tulipokwenda sisi, tulichagua mfereji wa Oxford, na sioni haya kusema kwamba najivunia uchaguzi huo. Boti tuliichukua karibu na kijiji cha Braunston, katikati ya Uingereza, tukapanda loki 9 za Napton chini ya kilima chenye kinu cha upepo, na baada ya hapo tukapata kama maili 11 bila loki hata moja. Ni maili za ajabu. James Brindley, mhandisi aliyeuanzisha mfereji huu katika karne ya 18, aliepuka kuchimba vilima na kujaza mabonde, akaufuata mwinuko uleule wa ardhi popote ulipompeleka, hata karibu na kijiji cha Wormleighton maji yanakizunguka kilima pande tatu. Unaona mnara wa kanisa kulia kwako, unakunywa chai, unaukuta kushoto. Mke wangu, ambaye hupenda kusali kwa wakati, aligundua kwamba kibla hakitulii: dakika hii kiko upande wa omo, yaani mbele ya boti, baada ya kona mbili kimehamia tezi, yaani nyuma. Tukakubaliana kwamba kila wakati wa sala tufunge boti kwanza, na kusema kweli mapumziko hayo ndiyo yaliyotufanya tuwaone wana-kondoo malishoni, na bata maji aliyelalia mayai yake kwenye matete akitutazama kama wadai.

Kisha zikaja loki 5 za Claydon, za kushuka. Nataka nieleze hapa kwa kirefu, kwa sababu ndipo penye hatari. Boti ina upana wa mita 2 na ushei, na loki haizidi sana hapo, kwa hiyo unaingia ukuta ukiwa umekaribia kukugusa mabega kulia na kushoto. Lango la nyuma likishafungwa, aliye nchi kavu huuchomeka mkono wake wa chuma uliopinda, akauzungusha, na tundu zilizo chini ya lango la mbele zikafunguka. Maji huondoka kwa mngurumo na boti ikaanza kuzama pamoja nayo. Sasa, nyuma ya boti, chini ya lango la juu, kuna kizingiti cha mawe ambacho mwanzoni hukioni kabisa. Ukutani wamechora mstari mweupe kuonyesha kinapoishia. Tezi ikibaki nyuma ya mstari huo, usukani utakikalia kizingiti huku omo inaendelea kushuka, na boti inaweza kujaa maji na kuzama kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana aliye juu hatakiwi kuondoa macho kwa aliyeshika kana, na mwenzake akipiga kelele ayafunge maji mara moja. Mke wangu ndiye aliyeishika kana loki zote tano, asiguse ukuta hata mara moja. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake alisimama akamuuliza amekuwa baharia kwa miaka mingapi. Mke wangu ni muuguzi.

Jambo linalonichoma hadi leo ni la shemeji yangu, ambaye tulimkaribisha kwa moyo mkunjufu. Mwanzoni alipiga picha. Baadaye akawa anauliza tutafika lini kwenye kila daraja, na wakati wa loki za Napton alikaa ndani na simu yake huku mvua ya Aprili ikitunyeshea sisi. Tulipofika mji wa Banbury, ambako stesheni ya treni iko jirani na mfereji, alichukua begi lake akatuaga. Kuondoka kwake sikukuchukia. Kilichoniuma ni pale alipotusimulia kwenye arusi, mbele ya jamaa zetu wote, kwamba tulilipa fedha nzuri ili twende polepole kuliko mtembea kwa miguu na kufungua malango bila mshahara. Watu wakacheka.

Ndugu zangu, tumeletwa huku na kazi, na kazi imetufundisha kwamba asiye na haraka ni mvivu. Tunaipeleka tabia hiyo mpaka kwenye mapumziko, tunawarithisha watoto, kisha tunashangaa wakikaa nasi meza moja bila neno la kusemezana. Punguza maili. Chagua wenzako kwa makini kuliko unavyochagua boti. Na asiyeweza kukaa saa nzima bila kuuliza tutafika lini, mwachie nafasi nyumbani, hata awe wa damu yako.

Majira ya kuchipua yenyewe nayaunga mkono bila kusita. Bei huwa chini kuliko za Agosti, na mabwawa yanayoulisha mfereji yametoka kujazwa na mvua za baridi, ilhali kiangazi cha 2025 ukame ulifunga njia nyingi. Hata hivyo usiku wa Aprili unaweza kuganda, kwa hiyo jifunze kuwasha jiko la makaa siku ya kwanza na uhakikishe king'amuzi cha hewa ya sumu kinafanya kazi. Matengenezo makubwa hufanywa kati ya Novemba na Machi, na yapo yanayochelewa, basi soma matangazo ya Canal & River Trust, shirika linalosimamia mifereji, kabla ya kulipa. Ukikaribia Oxford, mfereji unaingia kwa kitambo ndani ya mto Cherwell, na mvua zikiwa nyingi mto huo haupitiki. Banbury na kurudi yatosha kabisa kwa wiki moja.

Dada yangu, umeniuliza pia kuhusu mume wako asiyejua kuogelea. Sehemu nyingi za mfereji maji hayamfiki mtu mzima kifuani, lakini ndani ya loki ni kina kirefu na kuta zina utelezi. Omba majaketi ya kujiokolea unapoweka nafasi, na utaje uzito wa watoto ili wapewe yanayowaenea. Mumeo avae viatu vya soli ya mpira, na kamwe asiruke kutoka botini kwenda ukingoni. Asubiri boti iguse, ndipo apige hatua.