Maswali ya Wasomaji: Zamadamu Atanisaidia Nini Mimi?

*Barua za mwezi huu zinatoka Arusha na Moshi. Zimejibiwa na jopo letu la kilimo, mifugo na afya. Baadhi tumezifupisha.*

Wahariri, salaam. Mwanangu yuko kidato cha nne. Kila jioni anakariri mageuko ya viumbe, fuvu la Olduvai, nyayo za Laetoli. Mimi nauza mitumba pale Memorial. Nimemuuliza hayo yote yatamfaa nini akishakuwa mtu mzima, akatazama dari. Nyie mnalo jibu?
*Mama wa Majengo, Moshi*

Tunalo, mama, ila haliko Olduvai. Fuvu la zamadamu aliloliona mtafiti Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli za miaka takriban milioni 3.6, ni fahari ya mkoa wa Arusha, lakini hazipungui wala hazizidi ukienda sokoni. Mageuko yanayomgusa mtu wa kawaida ni ya viumbe wanaozaa upesi. Binadamu huhitaji miaka 25 hivi kuleta kizazi kipya. Mdudu wa nyanya huhitaji mwezi. Bakteria wengine, wakipata joto na chakula, hujigawa kila dakika 20.

Mambo yenyewe ni machache: watoto hawafanani wote, baadhi ya tofauti hizo hurithiwa, na si wote wanaoishi hadi kuzaa. Ukipuliza dawa au kumeza kidonge, wewe ndiye unayeamua nani abaki azae.

Hapa lugha yetu inatuchezea kidogo. Tunasema wadudu "wamekuwa sugu", na sugu asili yake ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mtu wa jembe: unalima, mkono unazoea. Lakini sugu ya mkononi hairithishwi. Mtoto wa mkulima huzaliwa na kiganja laini kama mtoto wa karani. Usugu wa dawa ni kinyume chake. Hakuna mdudu aliyezoea. Waliokuwa dhaifu wamekufa, na mmoja aliyekuwa tofauti tangu yai amebaki akazaa. Anayeamini wadudu "wamezoea" huongeza dawa ileile. Anayejua kwamba wamechaguliwa hubadili namna ya kuchagua. Barua zinazofuata karibu zote zinasimama hapo.

(Wawili wameuliza kama haya yanapingana na imani. Hilo lina wenyewe na mahali pake. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, hafi kwa hoja.)

Nina ekari moja ya nyanya Ngarenanyuki. Kantangaze wamenimaliza. Napuliza kila baada ya siku tano, nimeshabadili dawa tatu na bado majani yana michirizi. Je, nichanganye dawa mbili kwenye bomba moja?
*Mkulima, Ngarenanyuki*

Usichanganye kwanza. Anza kwa kuzichukua zile chupa tatu, usome kiambata, yaani sumu yenyewe iliyomo, na namba ya kundi (dawa za kundi moja huua kwa njia moja), ambayo mara nyingi huandikwa kwenye kisanduku kidogo cha lebo. Jina kubwa la mbele ni la biashara tu. Ni kawaida kabisa kukuta chupa tatu za rangi tofauti zina kiambata kimoja, kwa hiyo hukubadili kitu ila rangi. Kundi 3 ni pairethroidi, zile ambazo jina la kiambata mara nyingi huishia na "thrin". Kantangaze alikuwa na usugu nazo tangu kwao Amerika Kusini, kabla hajaripotiwa Tanzania mwaka 2014. Kundi 5 lina spinosadi, kundi 6 abamektini na emamektini, kundi 28 klorantraniliproli na ndugu zake. Hata hilo la 28 si la milele: Italia na Ugiriki walithibitisha usugu wake mwaka 2015.

Pili, maji. Maji mengi yanayoshuka Mlima Meru upande wenu yana floridi na magadi, na maji ya magadi huvunja baadhi ya viuatilifu ndani ya saa chache. Nunua karatasi za kupimia pH, yaani uchachu au umagadi wa maji. Ikizidi 8, tumia maji ya mvua ukiweza, usichanganye dawa jioni kwa kazi ya asubuhi, na kila bomba limalizwe mara tu linapokorogwa. Usugu husingiziwa mara nyingi kosa la maji.

Tatu, kipimo. Kizibo cha chupa si kipimo. Chukua bomba la sindano la ml 10, lisilo na sindano yenyewe. Kisha jipime: weka maji matupu, pulizia eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, uone yametumika lita ngapi, zidisha kwa 40. Ukitumia lita 5, ekari itataka lita 200, yaani mabomba 10 ya lita 20. Lebo ikisema ml 100 kwa ekari, basi ni ml 10 kila bomba. Anayetembea haraka akatumia mabomba matano kwa ml 10 kila moja amepeleka nusu dozi, na nusu dozi ni mbaya kuliko inavyoonekana. Tutaieleza kwenye barua ya ng'ombe.

Sasa mzunguko. Kantangaze hukamilisha maisha, kutoka yai hadi kipepeo, kwa siku 24 hadi 38 kutegemea joto. Kwa hiyo usibadili kundi kila unapopuliza. Tumia kundi moja ndani ya siku 30 hivi, kisha hamia jingine kwa siku 30 zinazofuata, na la kwanza lipumzike. Lengo ni kwamba watoto wa walionusurika kundi 28 wakutane na kitu ambacho wazazi wao hawakujaribiwa nacho. Ukibadilisha kila wiki, kizazi kimoja kinaonja makundi yote, na huna tena pa kukimbilia.

Ukitaka kujua kama ni usugu kweli, vaa glavu, chuma majani 40 yenye viwavi hai. Chovya 20 kwa sekunde tatu kwenye dawa iliyochanganywa kwa kipimo halisi na maji mazuri, na 20 kwenye maji matupu. Yakaushe kivulini, yaweke kwenye makopo mawili yenye karatasi nyevu na vitundu vya hewa, usome baada ya siku tatu. Wa maji wakiwa hai na wa dawa nusu yao pia wakiwa hai, hiyo dawa kwako imekwisha. Wa maji wakifa nao, jaribio limeharibika, rudia.

Kilicho nje ya bomba kina uzito uleule, kwa sababu mdudu hawezi kurithisha usugu wa kukwepa kuzikwa. Mabaki ya zao lililokwisha yang'oe yote uyafukie, usiyarundike pembeni. Ng'oa mnavu, nao humlisha. Acha wiki sita bila nyanya, viazi mviringo wala bilinganya kabla ya kupanda tena, na mwombe jirani afanye hivyohivyo. Hilo la jirani ndilo gumu, tunajua.

Nina ng'ombe 14 Monduli. Nanunua dawa ya kupe ya amitrazi, nachanganya lita 20 na zinawatosha wote. Kupe wa masikio wanakufa, wale wadogo wa bluu hawafi. Kwa nini?
*Mfugaji, Monduli*

Lita 20 kwa ng'ombe 14 ni chini ya lita moja na nusu kwa kila mmoja. Hiyo imelowesha mgongo. Ng'ombe mzima hutaka lita 5 au zaidi akipulizwa kwa bomba, hadi maji yatiririke: ndani ya masikio, chini ya mkia, kiwele, makwapa, kidari. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa ml 2 kwa lita moja. Kwa hiyo ng'ombe wako wanahitaji lita 70 na ml 140 za dawa, si ml 40. Inauma mfukoni, lakini ona kinachotokea kwenye zile sehemu zilizopata ukungu tu.

Kupe mwenye chembe ya usugu kutoka kwa mzazi mmoja huwa na usugu wa nusunusu. Dozi kamili inamuua. Dozi hafifu inamwacha. Naye ndiye mwenye wenzake wengi. Wale waliorithi pande zote mbili ni wachache mno mwanzoni. Ukiwaacha wa nusunusu wakaoana, robo ya watoto wao hutoka na usugu kamili, na hao hata dozi sahihi itawashindwa.

Kuhusu tofauti uliyoiona: kupe wa bluu hukaa kwenye ng'ombe yuleyule wiki tatu hivi, kutoka mdogo hadi jike lililoshiba. Karibu kila mmoja wao hukutana na dawa yako. Kupe wa masikio, anayeleta ndigana kali, hushuka kila baada ya mlo, hupanda wanyama watatu maishani, na muda mwingi yuko majanini au kwenye wanyamapori ambao hakuna anayewaogesha. Huko kunabaki kupe wengi wasio na usugu, wanaokuja kuchanganya damu na wale wako. Usiwashukuru, lakini kazi hiyo wanaifanya.

Wiki hii ogesha kwa kipimo kamili. Siku mbili baadaye angalia kiwele na makwapa. Wakiwapo kupe wa bluu wengi walio hai, usirudie amitrazi: mwone ofisa mifugo na chupa mkononi, akupe dawa ya kundi jingine. Punda usimpulizie amitrazi kabisa, humdhuru tumbo.

Shikamooni. Kaka yangu ana kifua kikuu. Amemeza dawa miezi miwili, kikohozi kimekwisha, kilo zimerudi. Anataka kuacha, anasema mkojo mwekundu ni dalili dawa zinamchoma. Nimwambieje?
*Dada, Soweto, Moshi*

Marahaba. Kwanza mtoe hofu: rangi hiyo ni rifampisini, moja ya dawa zake, yenyewe inapita, hata machozi na jasho huweza kupata rangi. Akiona macho ya manjano, kutapika kusikoisha au ganzi miguuni, hayo ndiyo ya kukimbilia kliniki.

Halafu mpigie hesabu. Kidonda kimoja cha mapafu chaweza kubeba bakteria milioni 100. Bila dawa yoyote, takriban mmoja katika milioni 1 tayari ana kasoro inayomkinga na isoniazidi, dawa yake nyingine, na mmoja katika milioni 100 ana ya kumkinga na rifampisini. Ukimpa isoniazidi peke yake, mia moja wanabaki na kujaza kifua upya. Ukimpa zote mbili kwa pamoja, anayezikwepa zote ni mmoja katika namba yenye sifuri 14, na hao hawamo kifuani mwa mtu mmoja. Ndiyo maana miezi miwili ya kwanza ni dawa nne ndani ya kidonge kimoja, na minne inayofuata ni dawa mbili. Akiruka siku, dawa moja hutoka mwilini kabla ya nyingine, na bakteria wanabaki na moja tu ya kushindana nayo.

Mkulima wa Ngarenanyuki akisoma hapa atauliza mbona huku tunachanganya. Kwa sababu kwa kaka yako kila dawa iko kwenye dozi kamili, inafika kwa kila bakteria, na mwisho wake ni kuwamaliza wote. Shambani humalizi; wanaobaki wanaruka kwenda kwa jirani.

Kikohozi kimekwisha kwa sababu wanaozaa haraka wamekufa. Wamebaki waliolala, wanaojigawa polepole. Hao si sugu, ila dawa huwapata wanapoamka, na ndio kazi ya miezi minne. Kilo zikirudi, idadi ya vidonge huweza kuongezwa: kilo 38 hadi 54 kwa kawaida ni vidonge 3, kilo 55 hadi 70 ni 4. Apimwe uzito kila anapohudhuria na atoe makohozi anapoagizwa. Akisahau siku moja asimeze mara mbili kesho. Tiba hii ni bure. Ile ya kifua kikuu sugu, ambayo hospitali ya Kibong'oto huko Siha ndiyo kituo chake kikuu nchini, pia ni bure, lakini ni nzito zaidi mwilini.

Bibi yangu anasisitiza klorokwini ndiyo ilikuwa dawa ya malaria. Ilipotelea wapi, na je itarudi?
*Kijana wa Usa River*

Ilikuwa dawa kweli, bibi hakosei. Vimelea vya malaria vilivyoikwepa vilienea hadi Tanzania ikaiacha mwaka 2001, ikatumia SP (sulfadoksini na pirimethamini), kisha dawa mseto ya ALu. Malawi waliiacha mapema, 1993, na miaka kama 12 baadaye ilipojaribiwa huko iliponya karibu wote. Vimelea sugu hubeba mzigo: pasipo dawa hushindwa na wenzao wa kawaida, wakapungua wenyewe. Lakini ikirudishwa peke yake, uchaguzi unaanza upya. Bibi akikutwa na homa apimwe kwanza, ameze mseto siku zote tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kwa kuwa bila mafuta dawa hainyonywi vizuri.

Nimezaliwa Lindi, nimeolewa Arusha. Mawifi zangu Wamasai wanakunywa maziwa mabichi hadi nusu lita, mimi kikombe kimoja tu tumbo linanguruma. Nina ugonjwa?
*Wifi, Sakina*

Huna. Watu wengi duniani wakiacha kunyonya hupoteza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, laktosi. Katika jamii za wafugaji, waliobaki nacho ukubwani walifaidi zaidi na kuacha watoto wengi. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa 2007, uliwapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukakuta mabadiliko ya kurithi yaliyo tofauti na yale ya Ulaya, na ya umri wa miaka elfu chache tu.

Wewe kunywa nusu kikombe pamoja na ugali au kiporo, usinywe tumboni patupu. Mtindi utakukalia vizuri zaidi, maana bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Na hayo mabichi yachemsheni hata kama mawifi watacheka. Brusela, ugonjwa unaoambukizwa na maziwa mabichi, haichagui kabila.