Ukianza kusoma ndege za manati, anza na mguu wa mbele

Ndege za manati ni zile zinazorushwa kutoka sitaha ya meli kwa manati, yaani mtambo unaozivuta mpaka zipate kasi ya kupaa. Wageni wa somo hili hukimbilia injini na makombora. Hayo yaache kwanza. Tazama mguu wa gurudumu la mbele, kisha ushike kalamu.

Chukua ndege ya tani 20 inayohitaji kasi ya kilomita 265 kwa saa ili ipae, na manati yenye urefu wa mita 94. Kwa kanuni ya v² = 2as (v ni kasi, a ni mchapuko, s ni urefu wa njia), mchapuko ni kama mara 2.9 ya mvutano wa dunia, na safari nzima huchukua sekunde 2.5 hivi. Sasa geuza meli ielekee upepo, ndege ipate kilomita 46 kwa saa za bure. Manati itabaki na kazi ya kuifikisha 219 tu, na nishati inayotakiwa hupungua kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana meli hugeuzwa kabla ya kurusha. Fanya hesabu hii kwa mkono mara kadhaa, kwa uzito na upepo tofauti, mpaka ikukae kichwani.

Jeti za kwanza zilikuwa nyepesi na zenye mabawa yaliyonyooka. FD-1 Phantom ilipaa kwa nguvu zake yenyewe kutoka meli ya Marekani USS Franklin D. Roosevelt mwaka 1946. Yalipokuja mabawa yaliyorudi nyuma, kasi ya kupaa ikapanda, na manati ya haidroliki, yaliyosukumwa na mafuta yenye shinikizo kubwa, yakazidiwa. Mafuta hayo pia yalikuwa hatari: mlipuko uliotokana na manati ya USS Bennington, tarehe 26 Mei 1954, uliua watu 103.

Jibu lilitoka Uingereza. Colin Mitchell aliupeleka mvuke wa meli moja kwa moja kwenye silinda mbili zenye mwanya juu, zikiwa chini ya sitaha. Pistoni husukumwa ndani, na kigari kinachoivuta ndege hupita juu. Meli ya Uingereza HMS Perseus ilifanya majaribio kuanzia 1950, na USS Hancock ikawa ya kwanza Marekani kutumia manati hayo ya mvuke, mwaka 1954.

Hapa ndipo wengi huteleza: hudhani ndege ilivutwa kwa mguu wa mbele tangu mwanzo. A-4 Skyhawk na F-4 Phantom II zilivutwa kwa hatamu, yaani waya uliofungwa kwenye ndoana za tumboni. Kuufunga kulihitaji watu chini ya ndege inayonguruma, na waya wenyewe mara nyingi uliishia baharini. Desemba 1962, E-2A, ndege ya rada, ilirushwa kutoka USS Enterprise kwa kono la chuma lililo kwenye mguu wa mbele. Kuanzia hapo mguu huo ukawa nguzo: lazima uwe mnene, na fremu iliyo nyuma yake iweze kubeba mvuto wote. F-4 Phantom II za Uingereza ziliongezewa jambo jingine. Mguu wao wa mbele ulirefuka kwa takriban mita moja ili pua inyanyuke, maana manati zao zilikuwa fupi.

Utaratibu wa kurusha uukariri kwa mpangilio huu. Mfanyakazi humwonyesha rubani ubao wa uzito, naye huuthibitisha. Kono huingizwa kwenye kigari, na kizuizi cha nyuma, kinachoishika ndege isiondoke mapema, hufungwa. Mvuto hukazwa, injini hupandishwa hadi mwisho, rubani hukagua usukani na kupiga saluti. Kizuizi hicho huachia kwa nguvu iliyopangwa tu, kwa hiyo ukiweka cha aina nyingine ya ndege, umeharibu kila kitu. Uzito ukiandikwa mdogo kuliko ulivyo, ndege hufika ukingoni bila kasi na kutumbukia. Ukiandikwa mkubwa, mguu na fremu huumia. Katika F/A-18, rubani hushika mpini wa kwenye fremu ya kioo badala ya usukani, kompyuta ndiyo inyanyue pua.

Mvuke husukuma kwa nguvu nyingi mwanzoni, kisha hulegea. Manati ya sumaku-umeme, iliyorusha F/A-18F kutoka USS Gerald R. Ford Julai 2017, huvuta kwa usawa zaidi njia nzima, hivyo fremu huchoka kidogo na hata ndege nyepesi zisizo na rubani hurushika. China imeenda njia hiyo kwa meli yake Fujian. Ukipewa picha ya J-15, ndege ya kivita ya China, usiyoijua toleo lake, angalia mguu wa mbele: ukiona kono la manati, hiyo ni ya toleo la manati, kama J-15T, usipoliona, ni ile iliyoundwa kupaa kwa kupanda mteremko wa sitaha ya meli kama Liaoning.