GTO inazima ikishinda juani: je, kontroli boksi imeungua?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Mitsubishi GTO ya 1991, twin turbo, niko Kigamboni. Asubuhi gari linawaka vizuri. Likishinda juani kazini, jioni sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, kisha linazima kwenye foleni. Likipoa linawaka tena. Fundi wangu anasema kontroli boksi imeungua kwa joto. Anataka kulitoboa matundu na kulifungia feni, la sivyo ninunue jingine la mtumba. Unanishauri nini?

JIBU: Ndugu yangu, boksi lisitobolewe. Fundi wako hayuko mbali na ukweli, maana dalili hizo kwenye GTO za mwanzo mara nyingi chanzo chake ni kompyuta ya injini, ndiyo hiyo kontroli boksi. Lakini joto haliiunguzi kompyuta kwa siku moja. Kinacholiwa ni kapasita, vile vimikebe vidogo vya duara vilivyosimama kwenye bodi. Ndani yake mna maji ya kemikali, na kapasita nyingi za Kijapani za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zilikuwa na maji yanayoharibu mpira wa kuzibia chini. Joto huharakisha kazi hiyo. Maji yakishavuja yanatambaa chini ya vanishi ya bodi na kula njia za shaba.

Kabla ya kufungua, washa ufunguo hadi ON bila kupiga stata. Taa ya injini iwake sekunde 5 hivi, kisha izime. Isipowaka kabisa na balbu ni nzima, au ikibaki inawaka huku kompyuta haitoi kodi (namba ya hitilafu) yoyote, shuku boksi. Gari likiwa linanguruma, unaweza pia kulipulizia boksi hewa ya vuguvugu kwa mashine ya kukaushia nywele. Sailensa ikianza kucheza papo hapo wakati injini yenyewe bado haijapata moto sana, umeshapata jibu. Isipobadilika, angalia kwanza sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini) na kipande cha umeme kinachoendesha koili za plagi, kwa kuwa navyo huzimisha gari vikipata moto.

Sasa chomoa waya hasi wa betri, toa boksi chini ya redio katikati ya dashibodi, ulifungue na unuse. Harufu ya samaki aliyechina ndiyo maji ya kapasita. Tazama kwa kioo cha kukuzia kwenye mashina ya kapasita: ukiona risasi ya kulehemu imefifia, vanishi imekuwa ya kahawia au shaba ina ukijani, zimevuja. Wakati mwingine juu zinang'aa kama mpya na chini kumeoza, kwa hiyo kwa gari la umri huu mimi hubadilisha zote bila kusubiri.

Piga picha bodi kwanza, uone upande wa hasi wa kila kapasita. Usizing'oe kwa koleo. Pasha miguu yote miwili moto ndipo uivute, maana shaba iliyoliwa hubanduka kirahisi sana. Sugua mahali palipovuja kwa brashi ya meno na siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ili kuua ile alkali, kisha suuza kwa spiriti safi na uache pakauke kabisa. Mafundi wengi huruka hatua hii, wakafunga kapasita mpya juu ya uchafu, na miezi michache baadaye gari linarudi. Pima kila njia kwa mita ya fundi umeme. Iliyokatika iunganishe kwa waya mwembamba. Maliza kwa kupaka vanishi upya.

Kapasita mpya ziwe na maikrofaradi (uwezo wa kuhifadhi umeme) zilezile zilizoandikwa kwenye za zamani, volti zilezile au zaidi, na ziwe za nyuzi joto 105. Usikubali za 85. Kanuni ya kazi ni kwamba kila joto linaposhuka nyuzi 10, umri wa kapasita huongezeka maradufu. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 inafika takriban saa 32,000 ikikaa kwenye nyuzi 65. Ya nyuzi 85 yenye saa hizohizo itaishia 8,000. Na gari lililofungwa juani Dar, hewa ya ndani kufika nyuzi 60 si jambo la ajabu.

Hiyo ndiyo sababu nakataa boksi la mtumba lisilofunguliwa: lina kapasita za umri uleule.

Kuhusu matundu na feni, boksi ni la chuma na lenyewe hutawanya joto. Ukilitoboa unaingiza vumbi, unyevu wa chumvi wa pwani na vipande vya chuma kwenye bodi. Usilifunge karatasi ya kung'aa pia, kwani kompyuta hutoa joto lake na utalizuia humo. Lala chini ya gari uangalie bati la kuzuia joto juu ya ekzosi. Likitolewa katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), bati hili mara nyingi hutupwa, na joto la ekzosi hupanda sakafuni moja kwa moja hadi kwenye kiweko cha katikati. Lirudishe. Hakikisha pia hita haivujishi hewa ya moto nyuma ya dashibodi. Kwenye kioo cha mbele weka kizuia jua, na ukipata kivuli, usikiache.

Jambo la mwisho nakuomba usilipuuze. Kabla ya kurudisha boksi, pima mota ya sailensa iliyo kwenye throto (mlango wa hewa ya injini). Ina koili nne, na kila moja isome omu 28 hadi 33 ikiwa baridi. Koili ikishika shoti huunguza transista (swichi ndogo ya umeme) inayoiendesha ndani ya kompyuta, na hapo ukarabati wote unapotea mara tu utakapowasha. Ikisoma chini ya hapo, nunua mota mpya kwanza, boksi lisubiri mezani.